Riakta ya kalsiamu kwa tangi la matumbawe: ninunue au nijenge mwenyewe?

NahodhaMtoni (Muscat)

Assalaam alaykum jamaa. Nnaomba ushauri wa watu wanaofuga matumbawe wenyewe, maana wauzaji nshawasikiliza na kila mmoja ananivutia kwenye bidhaa yake.

Tangi liko sebuleni, lita 700 za maji ukijumlisha na sampu, lile tangi dogo la chini lenye vifaa. Limejaa matumbawe magumu: Acropora, Montipora, Stylophora, na kombe wakubwa wawili, Tridacna, ambao sasa ndio wenye nyumba. Kadiri yanavyokua ndivyo yanavyokula. Nikizima pampu za dozi, KH, yaani kipimo cha kaboneti majini kwa digrii, inashuka 1.4 kwa siku moja. Vipimo vya juzi: KH 7.6, kalsiamu 430, magnesiamu 1320, chumvi 35. pH alfajiri 7.8, jioni 8.0.

Hivi sasa natumia maji mawili, dumu moja la kloridi ya kalsiamu na jingine la soda. Madumu yanaisha upesi, na chumvi ya tangi inapanda polepole mpaka nalazimika kuteka maji na kutia ya RO, yaani yaliyochujwa mpaka hayana chumvi. Nimetajiwa riakta ya kalsiamu. Duka moja hapa wanayo, bei sitaiandika kwa sababu mke wangu naye anausoma uzi huu. Kununua nnaweza, kujenga kwa mabomba ya PVC pia nnaweza. Mnasemaje?

Kipimo (Dar es Salaam)

Mkuu, baki na maji yako mawili. Riakta ni mtungi wa gesi, regulata ya kupunguza shinikizo, solenoidi (vali ya umeme), vali ya sindano, pampu mbili, kipima pH na mipira kila kona. Kila kimoja kina siku yake ya kugoma. Mimi nina lita 180, asubuhi natia dozi kwa bomba la sindano, nakunywa chai, naenda kazini. Matumbawe yananawiri.

MzeeWaSampu (Hamburg)

Kipimo, kwa lita 180 uko sahihi, na ningekuona unafunga riakta ningekuuliza pesa umeokota wapi. Lakini Nahodha hayuko hapo. Cha kuangalia ni tangi linakula kiasi gani kwa siku, na watu wengi huanza na ukubwa wa kifaa kabla hawajapima mlo.

Tufanye hesabu yake. Lita 700 mara 1.4 ni 980. Digrii moja ya KH katika lita moja ni sawa na miligramu 17.9 za kaboneti ya kalsiamu. Kwa hiyo kila siku matumbawe yake yanachukua majini kama gramu 17.5 na kuzigeuza mifupa. Kwa mwaka ni kilo 6 na ushee za jiwe. Sasa angalia upande wa pili: unapotia kloridi ya kalsiamu na soda, kalsiamu na kaboneti zinaliwa, kloridi na sodiamu zinabaki. Kwa mlo wake inabaki kama gramu 20 za chumvi ya kawaida kila siku. Gawa kwa lita 700, kwa mwezi chumvi imepanda karibu gramu 0.9 kwa lita. Ndiyo maana anateka maji.

Riakta haina hilo. Ni bomba lililojaa kokoto za aragonaiti, yaani kaboneti ya kalsiamu ileile ya mifupa ya matumbawe. Maji ya tangi yanapita humo polepole, gesi ya CO2 inayafanya yawe na asidi kidogo, pH inashuka hadi 6.5 au 6.6, kokoto zinayeyuka. Yanayotoka yana kalsiamu na bikaboneti kwa uwiano uleule matumbawe yaliouchukua: KH 1 kwa takriban miligramu 7 za kalsiamu. Wajerumani wamekuwa wakizitumia tangu miaka ya 1990, hakuna uchawi wowote.

Kwa sababu ya uwiano huo, riakta haitakurekebishia maji yaliyopotoka. Ukiwa na KH 9 na kalsiamu 340, itakubakishia pengo lilelile hadi Kiama. Rekebisha kwanza kwa kloridi, ndipo uifunge. Vipimo vya Nahodha viko sawa, hana kazi hiyo.

Mimi mlo ukiwa chini ya 300 kwa hesabu hiyo ya lita mara KH, sizungumzii riakta. 980 nazungumza.

MchuziWaPapa (Tanga)

Kumbe kuna watu wanawapa mawe gesi. Mie samaki wangu wote wako kwenye friza. Endeleeni, nimeweka kigoda.

BintiKisauni (Mombasa)

Kaka Nahodha, mimi nahudumia matangi ya hoteli huku, na kabla hujafika kwenye bomba na kokoto, tuongee mtungi. Huko kwenu jua si la mchezo.

CO2 ndani ya mtungi ni kimiminika chenye gesi juu yake. Nyuzi 20 shinikizo ni kama baa 57, nyuzi 30 linafika 72 hivi. Ukipita nyuzi 31 hakuna tena kimiminika na gesi, vyote vinakuwa kitu kimoja na shinikizo linapaa kufuatana na kiasi mlichojaza. Kwa hivyo mtungi haukai roshani Julai ya Muscat. Unakaa ndani kwenye kiyoyozi, wima, umefungwa mnyororo ukutani. Ukiulaza, kimiminika kinaingia kwenye regulata na unaiua. Na mjazaji asipitishe kilo zilizogongwa shingoni mwa mtungi, hata akikwambia anakupa ya ziada kwa upendo.

Pili, usisome saa ya shinikizo ukidhani inakuonyesha gesi iliyobaki. Kimiminika kikiwemo, mshale unasimama palepale, leo na mwezi ujao. Siku ukianza kushuka ujue umebakiwa na masalio. Mimi naupima mtungi kwa mizani, ndio ukweli pekee.

Tatu, hii ni kwa wa huku kwetu: CO2 inapatikana kwa wajazaji wa mitungi ya soda na bia, kwa wauza gesi za kuchomelea, na kwa wajazaji wa vizima moto. Tahadhari na mtungi wa kizima moto wenyewe. Una mrija ndani unaofika chini, umetengenezwa utoe kimiminika. Mrija huo uondolewe na fundi wa mitungi, vinginevyo usiufunge kwenye regulata.

NahodhaMtoni

Ahsante sana Bi Kisauni. Mtungi utakaa kwenye kabati la sampu, kiyoyozi hakizimwi.

Mzee, kuhusu kujenga. Nina rafiki fundi bomba, PVC ya inchi 4 ipo tele. Nikiijenga nitakuwa nimeokoa kitu au nimejitafutia mafuriko?

MzeeWaSampu

Bomba jenga. Regulata na pampu ya kulishia, ile inayopitisha maji ya tangi polepole, nunua, tena nunua nzuri. Watu hufanya kinyume chake: wanalipia bomba la akriliki linalong'aa na taa ya buluu, halafu wanaliwekea regulata ya bei ya chini na vali ya bustani.

PVC ya milimita 110, urefu sentimita 60, inakupa lita 4 na nusu hivi za kokoto. Kwa mlo wako utapunguza kama nusu kilo kwa mwezi, kwa hiyo unajazia kila miezi mitatu na kokoto hazishuki chini ya theluthi mbili. Hiyo inatosha. Chini weka sahani yenye matundu ili kokoto zisiingie kwenye pampu. Pampu ya mzunguko ya lita 1000 kwa saa, ifyonze juu na kusukuma chini, ili maji yapande katikati ya kokoto. Ukifanya kinyume, vumbi linashuka, linajazana kwenye sahani, na baada ya muda una zege.

Gesi isiyoyeyuka itajikusanya juu. Toboa kifuniko, toa mpira mwembamba, uurudishe kwenye mdomo wa kufyonzea wa pampu. Pampu itaivunja tena hiyo gesi na hakuna kinachopotea. Usipofanya hivyo gesi inajaa mpaka pampu inavuta hewa na kupiga kelele usiku. Weka pia vali ndogo juu kabisa ya kutolea hewa siku ya kujaza.

Kifuniko ndicho kigumu. Gundi hapana, lazima kifunguke. Tumia kifuniko cha kusokota cha bomba la maji machafu chenye oringi, upake grisi ya silikoni. Kila palipo na uzi zungusha tepu nyeupe. Mpira wa gesi usiwe wa silikoni, CO2 inapenya humo, tumia wa poliyurethani. Kati ya regulata na bomba weka vali ya kuzuia kurudi, maji ya chumvi yakiingia kwenye solenoidi hiyo kazi imekwisha. Na solenoidi yenyewe iwe ya aina inayofunga umeme ukikatika.

Ubaya mmoja wa PVC: huoni ndani. Akriliki unaona kokoto zimeisha kiasi gani, zinageuka tope au la. Unaweza kuchomeka mpira wa kuonea ubavuni, juu na chini.

Regulata iwe ya hatua mbili. Ya hatua moja, mtungi ukikaribia kuisha, shinikizo la kutoka linapanda lenyewe na viputo vinaongezeka saa ambayo umelala.

Kipimo

Sasa hapo si nilisema? Na kokoto mnanunua za nini, mkuu? Mombasa na Unguja mawe ya matumbawe yamejaa, nyumba zimejengwa nayo. Saga, osha, tia ndani.

BintiKisauni

Kipimo kaka, hilo naulizwa kila wiki. Lile jiwe la kujengea ni la kale sana, na mara nyingi aragonaiti yake imeshageuka kalsaiti, ambayo ni ngumu zaidi kuyeyuka. Utashusha pH ya riakta chini mno kupata KH ileile, gesi yote iende tangini. Tena lina udongo, na hujui lina fosfeti kiasi gani. Fosfeti iliyofungwa ndani ya jiwe inatoka jiwe linapoyeyuka, kwa hivyo kuosha nje hakusaidii kitu.

Za ufukweni ndio usiguse. Matumbawe magumu yote yako kwenye Kiambatisho cha Pili cha CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya viumbe walio hatarini, hayavuki mpaka bila kibali, hata yakiwa mafu. Na mbuga za bahari hawana mzaha. Nunua kokoto safi, punje kubwa, kama punje za mahindi au zaidi. Ndogo zinashikana.

NahodhaMtoni

Naam. Kokoto nitanunua. Kidhibiti cha pH nnacho tayari. Pampu ya kulishia ndio naona bei zinatofautiana sana.

MzeeWaSampu

Peristaltiki, ile inayosukuma maji kwa kukamua mpira, yenye mota ya hatua, iliyotengenezwa kuzunguka saa 24. Hizo pampu zako za dozi zimeundwa kuwaka dakika chache kwa siku, ukizikesheza mota zinakufa.

BintiKisauni

Na uifunge kwenye bomba la kutokea, Mzee. Ivute.

MzeeWaSampu

Mimi nafunga kwenye kuingilia, isukume. Ukivuta, ndani ya bomba panakuwa na mvuto, gesi inatoka majini na kifuniko kikilegea kinanyonya hewa.

BintiKisauni

Na ukisukuma, kifuniko kikilegea kinamwaga maji sakafuni kwa mteja. Mie nilipe zulia la hoteli? Navuta.

MzeeWaSampu

Basi wa hotelini avute, wa nyumbani kwake asukume.

Kemia254 (Minneapolis)

Wadau, nimesoma kuanzia juu na kuna namba moja mmeipita: pH ya 7.8 alfajiri. Riakta itaishusha zaidi, kwa sababu maji yanayotoka yana CO2 ya ziada ambayo haikumaliza kazi. Kwa 7.8 tayari, Nahodha atajikuta 7.6, na matumbawe yanajenga mifupa kwa taabu zaidi pH ikiwa chini.

Hapa kwetu tunaijua shida hiyo wakati wa baridi, madirisha yanafungwa miezi mitano na watu wanapumua hewa ileile. Muscat ni kinyume cha hali ya hewa lakini matokeo ni yale yale, nyumba imefungwa kwa ajili ya kiyoyozi. Jaribu hivi: chota maji ya tangi kwenye ndoo, nenda nayo nje, weka jiwe la hewa saa moja, pima pH. Ikipanda vizuri, tatizo ni hewa ya sebule.

Swali langu la pili: tangi linapoteza lita ngapi kwa siku kwa mvuke?

NahodhaMtoni

Nshafanya jaribio. Ndani 7.85, baada ya saa moja nje 8.15. Lo! Sikulitegemea hilo. Mvuke ni lita 7 kwa siku, feni za kupozea zinachangia.

Kemia254

Basi hesabu inabadilika. Fikiria maji ya chokaa badala ya maji matupu ya kujazia. Hidroksidi ya kalsiamu inakupa kalsiamu na KH kwa uwiano uleule wa riakta, haiachi chumvi, na kazi yake ya kwanza ikifika majini ni kuikamata CO2. Chokaa iliyokolea kabisa, gramu 1.5 kwa lita, ina KH kama 114. Mara lita 7 ni karibu 800. Mlo wako ni 980.

Kipimo

Hahahaa! Mzee njoo huku. Kilo ya chokaa imemaliza mjadala wa mtungi.

MzeeWaSampu

Niko hapa, na Kemia ana haki. Nilipaswa kuuliza mvuke mapema, yaishe. Lakini angalia namba zenyewe: 800 si 980, na matumbawe yatakula zaidi mwakani wakati mvuke utabaki lita 7, tena utapungua feni zikizimwa Desemba. Chokaa ina dari, na dari yake ni mvuke. Pia chokaa iliyokolea ina pH zaidi ya 12. Swichi ya maji ya kujazia ikikwama wazi usiku mmoja, lita 30 za hiyo kitu zinamwagika tangini na asubuhi unaamkia msiba.

Ningefanya nusu kwa nusu. Chokaa gramu 0.75 kwa lita, lita 7, inabeba kama 400. Riakta inabeba 580 zilizobaki na ndiyo unayoiongeza mlo ukikua. Chokaa inainua pH, riakta inashusha, zinasahihishana. Na chombo cha maji ya kujazia kiwe kidogo, lita 15, ili hata swichi ikikwama madhara yawe na mpaka.

Kemia254

Nakubaliana kabisa. Ongeza mpira wa hewa wa skima (kile chombo cha kutoa uchafu kwa povu) utokee nje ya dirisha, huo peke yake unaweza kukupa 0.1 au 0.2 bure. Chokaa funika vizuri, ikikaa wazi inavuta CO2 ya hewani na kurudi kuwa jiwe juu ya maji. Na macho, jamani. Vaa miwani unapokoroga.

MchuziWaPapa

Chokaa ya tambuu je? Bibi yangu ana kopo zima.

BintiKisauni

Muachie bibi tambuu yake. Ya kopo mara nyingine inatiwa rangi na manukato. Chukua ile safi ya daraja la chakula, haina bei.

MzeeWaSampu

Nahodha, ukishafunga, uanze hivi.

Suuza kokoto kwa maji ya RO mpaka yatoke safi bila vumbi. Jaza bomba, washa mzunguko na pampu ya kulishia bila gesi kwa siku moja, hewa yote itoke na utafute panapovuja. Kipima pH cha riakta kisawazishe kwa maji ya pH 7 na pH 4. Watu wanatumia 7 na 10 kwa mazoea ya tangi, lakini humu ndani utakuwa 6 na kitu, na hiyo iko kati ya 4 na 7.

Mtiririko: tuseme unalenga maji yatokayo yawe na KH 33, tangi lina 8, faida ni 25 kwa kila lita. 580 gawa kwa 25 ni lita 23 kwa siku, yaani mililita 16 kwa dakika. Weka hapo. Fungua gesi, shinikizo la kutoka baa 1 hivi, kiputo kimoja kila sekunde au polepole zaidi, kidhibiti kikate gesi pH ikifika 6.6. Usinakili idadi ya viputo ya mtu mwingine, kila kihesabio kinatoa kiputo cha ukubwa wake. Kiwango kizuri ni kile ambacho solenoidi inawaka na kuzima kwa utaratibu, isiwe inafunguka kwa sekunde mbili pH ishaporomoka.

Subiri siku nzima, pima KH ya maji yanayotoka. Vipimo vingi haviwezi kusoma 33, kwa hiyo changanya sehemu moja ya maji hayo na tatu za RO, pima, zidisha kwa 4. Ikiwa chini ya 25, shusha kidhibiti hadi 6.5 na usubiri siku nyingine. Ukikimbilia 6.2 kokoto zinageuka uji.

Wiki ya kwanza endesha pampu ya kulishia mililita 8 tu, na dozi zako za zamani uzipunguze nusu. Pima KH ya tangi kila siku saa ileile. Ikishikilia, maliza. KH isipande zaidi ya 1 kwa siku hata kama unaona iko chini.

Baada ya hapo, ukitaka kuongeza au kupunguza, gusa mililita za pampu peke yake. pH na gesi viache. Mililita ukizidisha kwa sehemu ya kumi, tangi linapata sehemu ya kumi zaidi. Ukigusa gesi, vitu vitatu vinabadilika pamoja na hujui ni kipi kimekujibu.

Kwa mlo huo mtungi wa kilo 5 unakupeleka mwaka na zaidi kama hakuna uvujaji. Paka maji ya sabuni kila kiungo cha gesi.

NahodhaMtoni

Salaam tena jamaa. Riakta imefungwa, imejengwa na fundi bomba wangu, haivuji tone. Chokaa nusu na riakta nusu kama mlivyosema, mpira wa skima umetokea dirishani. pH sasa alfajiri 8.0, jioni 8.25. KH ilikaa 8.0 kwa wiki kadhaa haitikisiki, nikaacha kupima kila siku.

Sasa kuna jambo. Siku tatu hizi KH imeshuka hadi 7.3. Nimepima maji yanayotoka kwenye riakta, KH yake 41! Imepanda kuliko mwanzo. Kidhibiti kinasoma 6.6 kama kawaida, lakini solenoidi haiwaki ila mara moja moja. Riakta inatoa dawa kali zaidi na tangi linapungukiwa. Niongeze gesi?

BintiKisauni

Usiguse gesi! Chukua bomba la sindano au silinda ya kupimia, kinga maji yanayotoka dakika moja, tuambie mililita ngapi.

NahodhaMtoni

9. Pampu inaonyesha 16 kwenye kioo.

MzeeWaSampu

Umepata jibu. Kioo kinaonyesha mota inachozunguka, hakionyeshi maji. Mililita 9 ni lita 13 kwa siku, mara faida ya 33, ni kama 430. Ulihitaji 580. Pengo la 150 ukigawa kwa lita 700 ni KH 0.2 kwa siku, siku tatu ni 0.6 au 0.7. Namba zako zote zinakubaliana. Maji yanakaa ndani muda mrefu, ndiyo maana yanatoka makali na gesi haihitajiki.

Ama mpira wa ndani ya pampu umechoka na kulegea, ama kichujio cha kuingilia kimeziba. Anza na kichujio. Asiyekuwa na kidhibiti, yeye mtiririko ukipungua viputo vinaendelea na pH inazama hadi kokoto zinakuwa tope, kwa hiyo kidhibiti chako kimekulipa leo.

NahodhaMtoni

Kichujio kilikuwa na konokono mdogo ameingia na kukwama. Nimemtoa, yu hai, bado mililita 12. Nikabadilisha mpira wa pampu, 16 kamili.

Kemia254

Rudisha KH taratibu, 0.3 kwa siku. Nunua mipira ya akiba mitatu, hiyo inachakaa kama tairi. Na magnesiamu uiangalie kila mwezi, kokoto hazina ya kutosha.

NahodhaMtoni

Magnesiamu imeshuka kidogo, 1270. Nitatumia pampu moja ya zamani ya dozi kwa kloridi ya magnesiamu.

Kipimo

Nahodha, na ile pampu ya pili unauza?

NahodhaMtoni

Njoo uichukue bure. Nauli ya Muscat juu yako.